Treni kwa plafoni: kwanza tuulize nani analala chini yake

Kule Ujerumani, Uingereza na Marekani kuko watu wazima wengi wenye kupenda treni ndogo. Si mchezo wa watoto peke yake. Ni baba mwenye kazi, ni mwalimu, ni muzee wa pensheni, ambaye jioni anakaa na kuangalia mashini ndogo ikizunguka juu ya reli za upana wa karibu vidole vitatu. Shida yao ni moja, na sisi pia tunaijua: nyumba ni ndogo. Treni ikiwekwa chini, inakanyagwa. Ikiwekwa juu ya meza, meza inakula salo yote, na mama wa nyumba anauliza watu watakulia wapi. Njo wengine wakainua macho, wakaona nafasi ambayo hakuna mutu anaitumia: ile iliyo kati ya mulango na plafoni. Wakafunga ubao mwembamba kuzunguka kuta zote ine, wakalaza reli, na treni ikaanza kutembea juu ya vichwa vya watu.

Tunaleta habari hii kwa familia za wachimbaji kwa sababu mbili. Ya kwanza: miji yetu imezaliwa na reli. Reli ilifika Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1910, ikitoka kusini. Ikafika Bukama katika 1918, Ilebo katika 1928, na katika 1931 ikaungana na njia ya Angola inayoenda mpaka bandari ya Lobito. Bila ile njia, shaba ingebakia mu udongo. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: kati ya wasomaji wote, hakuna anayejua kuliko muchimbaji maana ya kintu kizito kilicho juu ya kichwa cha mutu.

Tuanze na mwanzo wa mchezo wenyewe. Kampuni ya Märklin, ya muji wa Göppingen kule Ujerumani, katika mwaka 1891 ilionyesha kwenye soko kubwa la Leipzig treni za kuchezea zenye vipimo vilivyopangwa. Mbele ya pale, kila fundi alitengeneza upana wake, na treni ya huyu haikuingia kwa reli ya yule. Tangu pale, mutu aliweza kununua mashini leo na kuongeza wagoni mwaka ujao. Katika 1968, nyumba ya Lehmann ya Nuremberg ikatoa treni kubwa zaidi, yenye jina la LGB, ambayo reli zake zina upana wa milimita 45. Ni hii wengi wanaipenda kwa kuweka juu. Sababu ni nyepesi: treni ndogo ile wanaita HO, yenye reli ya milimita 16,5, ukiipandisha mita 2 hauoni tena kintu. Ile ya milimita 45 unaona magurudumu, unaona madirisha, na mutoto aliyesimama chini anaweza kuhesabu wagoni.

Hapa kuko hesabu moja ambayo itafurahisha wazee wetu wa shemdefere. Reli zetu za Katanga zina upana wa milimita 1067. Gawanya 1067 kwa 45: unapata karibu 24. Ni kusema, juu ya ile reli ya milimita 45, fundi anaweza kujenga treni yetu wenyewe, kila kintu kikiwa kimepunguzwa mara 24. Wagoni ya mita 12 inakuwa ya sentimita 50. Mutu wa mita 1,70 anakuwa wa sentimita 7. Wale wa Ujerumani walipunguza mara 22 na nusu, kwa sababu walifuata reli zao za milima zenye upana wa mita 1 kamili. Kule New Zealand, ambako reli ina upana sawa na yetu, wapenzi wa treni wamefanya hesabu namna ile ile: wanapunguza mara 64, na treni yao inatembea juu ya reli ndogo ya milimita 16,5.

Sasa tupime chumba. Tuchukue kimoja cha mita 2,90 kwa mita 4,10. Tunataka katikati ya reli iwe sentimita 10 kutoka kwa ukuta. Kona ndogo kabisa ya LGB ina nusu-kipenyo cha sentimita 60, na vipande 12 vinafanya muzunguko kamili, ni kusema vipande 3 kwa kila pembe ya chumba. Kipande kilichonyooka kina sentimita 30. Basi, kwa upande mufupi tunaweka vipande 5, kwa upande murefu vipande 9. Jumla: vipande 28 vilivyonyooka na 12 vya kona. Njia yote ina karibu mita 12. Treni ikitembea sentimita 30 kwa sekunde, inazunguka chumba kwa sekunde 40 hivi. Si mbio, na haiko lazima iwe mbio.

Mpaka hapa kila kintu ni kitamu. Lakini mama wa nyumba, ambaye ameacha sufuria na kuja kusikiliza, atauliza ulizo moja tu: "Na ile kintu ikianguka juu ya mutoto, njo nani atajibu?"

Ana haki. Mashini moja ya namna ile ina uzito wa kilo 2 mpaka 4. Tuseme kilo 3. Ikianguka kutoka mita 2, inafika chini na mwendo wa karibu kilometa 22 kwa saa, na haitumii hata sekunde moja. Hakuna mama atakayewahi kumuvuta mutoto. Na kwa nyumba zetu, salo ya muchana njo chumba cha kulala cha usiku: matandiko yanapangwa chini, watoto watatu, wane, vichwa kando ya ukuta, pale pale ambapo ubao unapita juu. Kwa hiyo mutu anayetaka kuweka treni juu asianze na reli. Aanze na tegemezo.

Wachimbaji munaijua kazi hii. Hakuna ekipe inaingia mu galeri mbele ya kuangalia mwamba wa juu. Munagonga na chuma kirefu, munasikiliza. Mwamba ukilia kama kengele, uko muzima. Ukilia kama ngoma, umejitenga, na lazima uangushwe mbele ya mutu kupita. Kisha munaweka vyuma vinavyoingia ndani mpaka kushika mwamba mugumu, si lile ganda la mbele. Chini ya plafoni ya nyumba, sheria ni ile ile: tusifunge kintu kwa ganda, tufunge kwa kile kinachobeba.

Plafoni ya triplex ni ganda. Ni sawa nguo iliyovalishwa nyumba ili tusione tole. Visi iliyoingia mu triplex peke yake itashika wiki moja, mwezi mmoja, kisha siku moja itatoka. Kinachobeba ni mbao zilizo juu ya triplex, zile zinazoshika tole. Na mbao zile pia zichunguzwe: uchome na kisu, uangalie kama muchwa hakuingia. Ubao ulioliwa na muchwa unaonekana muzima inje na ndani ni unga. Kule Marekani kuta nyingi ni karatasi ngumu ya jasi iliyopigiliwa juu ya miti iliyosimama kila sentimita 40, na kosa la wengi ni kufunga visi katika karatasi, si katika muti. Inchi mbili za mbali, lakini ganda ni moja.

Kwa kuta zetu, tutofautishe. Ukuta wa matofali ya kuchoma au wa bloki za simenti unashika vizuri, kama tundu limetobolewa ndani ya tofali lenyewe na si ndani ya udongo au simenti ya kati, na kama sheviye inaingia kwa nguvu. Bloki yenye tundu ndani inaomba sheviye murefu zaidi. Ukuta wa matofali mabichi ya udongo haushiki visi. Usijidanganye kwa sababu umeingia vizuri siku ya kwanza. Hapo njia iko moja: kusimamisha miti kutoka chini mpaka juu, pembeni ya ukuta, na kulaza ubao juu ya miti ile, sawa vile zamani walitegemeza galeri na miti. Inakula nafasi kidogo, lakini uzito unashuka chini, haumutegemei ukuta.

Tuhesabu uzito wenyewe. Ubao wa upana wa sentimita 20 na unene wa sentimita 2, kwa mita 12, peke yake ni kilo 25 mpaka 30. Ongeza reli, ongeza treni. Tunaweka mukono wa chuma au wa muti wa kuubeba kila sentimita 40. Kwa mita 12 ni mikono 30. Muchomeleaji anaweza kuitengeneza na vyuma vya pembe katika siku moja. Mbele ya kulaza ubao, jaribu kila mukono: tundika ndoo ya lita 10 iliyojaa maji kwenye ncha yake. Ile ni kilo 10, zaidi ya mara tatu ya mashini yetu. Mukono ukiinama, au udongo ukitoka mu tundu, uondoe na utafute nafasi ingine. Kisha chagua mikono ile unayoshuku, na uache ndoo zilale pale usiku muzima.

Urefu kutoka chini ufuate mulango. Treni ipite juu ya fremu ya mulango na madirisha, na bado ibakie sentimita 30 au 40 chini ya plafoni. Ikikaribia plafoni sana, mukono wa mutu hauingii kuirudisha kwa reli, na mutu aliyekaa chini haoni kintu. Na ubao usiwe mupana kuliko lazima, kwa sababu ubao mupana unaficha treni. Mafundi wengine hawaweki ubao muzima: wanaweka mbao mbili nyembamba zenye kushikwa na vipande vidogo vya kupita kati, sawa ngazi iliyolala. Mutoto aliye chini anaona magurudumu kupitia kati ya vipande.

Ubao ulale sawa. Usifuate plafoni, kwa sababu plafoni yako labda ilishuka upande mmoja tangu miaka. Fuata maji. Wajenzi wetu wana dawa ya bei ndogo: tuyo ya plastiki inayopenya mwangaza, iliyojaa maji. Maji ya ncha moja na ya ncha ingine yako sawa siku zote, hata kati kukiwa ukuta. Weka alama kwa pembe ine za chumba, vuta kamba, na ufunge mikono juu ya kamba. Gurudumu la chuma juu ya reli linateleza upesi kwa mupando; treni kubwa za njia yetu zinajua hivyo, na ile ndogo pia inajua.

Nafasi ya hatari zaidi ni kona. Pale ubao wa sentimita 20 hautoshi, kwa sababu reli inakata pembe ya chumba na kutoka mbali na ukuta. Lazima kuweka pale ubao wa pembe tatu wenye sentimita 80 kwa kila upande uliogusa ukuta. Katikati ya kona, treni iko karibu sentimita 40 mbali na pembe, ni kusema uzito unavuta zaidi. Weka pale mikono miwili ya kuongeza, moja kwa kila ukuta. Na wagoni ndefu, ikipita mu kona, tumbo lake linatoka ndani na ncha zake zinatoka inje. Ipitishe kwa mukono pole pole, uone kama haigusi kintu, mbele ya kuwasha umeme.

Halafu, uzio. Treni yote, siku moja, itatoka kwa reli. Hatusemi labda. Kwa hiyo, pembeni ya ubao, upande wa chumba, panda vijiti vidogo na uvute nyuzi za nylon za kuvulia samaki, moja kwa sentimita 3, ingine kwa sentimita 6. Hazifichi treni, lakini zinaizuia. Kwa kona weka nyuzi tatu, au kipande cha plastiki kinachopenya mwangaza. Na sheria ya mwisho ni ya bure: watoto wasilale chini ya kona. Matandiko yavutwe katikati ya chumba, hata kama uzio ni mugumu. Mu galeri pia tunavaa kaske hata kama mwamba umefungwa vyuma.

Kuhusu umeme, mama anaweza kupumua. Umeme wa ukutani, volti 220, haupandi kwa reli. Unaingia mu transfo ndogo inayoushusha mpaka chini ya volti 24, na reli moja inabeba upande mmoja, reli ya pili upande wa pili. Transfo yenyewe ikae chini, mbali na maji, mahali mukono wa mukubwa unafika. Umeme ukikatika, treni inasimama tu pale iko. Lakini utoe transfo kwa ukuta, kwa sababu umeme ukirudi na nguvu nyingi unaichoma, na treni inaweza kuondoka peke yake wakati watu wamelala.

Kwa njia ya mita 12, umeme unachoka njiani, hasa pale vipande vinapoungana. Dawa ni kupitisha waya wa shaba chini ya ubao na kuuunga kwa reli kila mita 3 hivi. Na hapa wasomaji wetu watacheka kidogo: reli za treni ile ni za shaba iliyochanganywa na zinki, metali mbili ambazo mugodi wa Kipushi ulizitoa pamoja kwa miaka mingi. Wengine wanaacha umeme wa reli na kuweka pile ya litium ndani ya wagoni. Nyingi za pile zile zina kobalti ndani yake. Mutu wa Kolwezi akiona treni ile inapita kwa plafoni ya muzungu, kuko jambo fulani pale juu ambalo si geni kwake.

Shaba ile inakuwa nyeusi, na vumbi inakaa juu yake. Wakati wa kiangazi, vumbi yetu nyekundu inaingia hata mu nyumba zilizofungwa. Vumbi ikilala juu ya reli, umeme haupiti, na mashini inaruka-ruka. Basi kila wiki mbili mutu apande, apanguse reli na kitambaa chenye alkoli kidogo. Apande juu ya ngazi ngumu, si juu ya kiti kilichowekwa juu ya meza. Na kelele: ubao unalia sawa ngoma treni ikipita. Kata mupira wa ndani wa tairi ya kinga, ulaze chini ya reli, jirani atakushukuru.

Tunajua ulizo linalobakia: feza. Sanduku la kuanzia la treni ya namna ile linaomba mia kadhaa za euro. Hatutaki baba yeyote aache kulipa shule ya watoto kwa ajili ya reli za plafoni. Lakini tegemezo, ubao na uzio ni kazi za mikono yetu, na treni yenyewe inaweza kuzaliwa hapa. Watoto wetu wanajenga magari na waya na magurudumu ya viatu vya kuchakaa. Mashini na wagoni tatu za waya na makopo hazifiki nusu kilo. Kwa ukuta mmoja tu, weka ubao, funga kibobini kwa kila ncha, pitisha kamba inayozunguka, funga treni juu ya kamba. Mutoto anazungusha mukono chini, treni inaenda na kurudi juu. Ni kazi ile ile ya kamba iliyovuta wagoneti chini ya udongo. Na mwenye duka au kinyozi anaweza kufikiri pia: kule Ulaya na Marekani, maduka na nyumba za chakula ziliweka treni juu ili watoto wavute wazazi wao kuingia.

Treni nyepesi haiondoi sheria. Hata nusu kilo ya makopo ina ncha za kukata. Hata pale ubao ugongwe, mikono ijaribiwe na ndoo, uzio uvutwe, na kila mwezi mukubwa wa nyumba apande kuangalia visi moja moja, kuzikaza zile zilizolegea, kusikiliza ukuta. Tukimaliza kufunga, wiki ya kwanza watoto walale chumba kingine au kwa bibi yao. Pale chini ya kona, alale baba.